Viazi vya moshi kwenye pipa: shajara ya majaribio, Mbeya

Jumamosi, 1 Juni 2024: Pipa na hesabu yake

Pipa hili nililitengeneza kwa ajili ya nyama tu. Paja la mbuzi linakaa humo masaa manne, wavu wa juu mtupu, moto unawaka, na mke wangu yuko jikoni anakaanga chipsi kwenye lita nzima ya mafuta ili watu wapate cha kulia nyama. Wiki iliyopita akauliza, "Hivi humo ndani viazi haviwezi kuiva?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba vitaiva, kwa nini visiive. Yaliyofuata ndiyo haya.

Kwa anayetaka kuiga, pipa ni la lita 200, lililokuwa na mafuta ya kula. La kemikali usiguse hata ukipewa bure. Nililichoma kwa kuni masaa mawili mpaka rangi yote ikatoka, nikalisugua na kulipaka mafuta ya alizeti. Chini lina matundu matatu ya hewa, kila moja sentimita 2.5, na vifuniko vya kuteleza. Juu kwenye mfuniko kuna bomba fupi la kutolea moshi. Kikapu cha mkaa kimeinuliwa sentimita 10 kutoka chini. Nyavu ni mbili, wa chini sentimita 45 kutoka sakafu ya pipa na wa juu sentimita 68.

Kosa la kwanza lilitokea kabla hata sijawasha moto. Nilinunua wavu wa waya wa mabati, ule wa kufugia kuku, kwa 12,000. Fundi wa kuchomelea akaugeuza mara mbili mikononi, akaniuliza unaenda wapi. Nilipomwambia, akaurudisha: "Huu una zinki, mzee. Kwenye moto mkali moshi wake ni sumu. Kafugie kuku." Akanitengenezea nyavu za nondo nyembamba. Kuku sina, wavu bado uko stoo.

Pipa 45,000. Fundi na nondo 38,000. Bawaba, bolti na vishikio 9,500. Kipimajoto cha mshale cha mfuniko 18,000, na cha sindano cha kuchoma ndani ya chakula 22,000. Jumla 132,500, na 12,000 za kuku ambao hawapo.

Jumamosi, 8 Juni: Jaribio la 1, viazi vizima

Sado moja ya viazi kutoka soko la Soweto, 3,500. Nilichagua vikubwa, kila kimoja kujaa kiganja, nikaviosha, nikavipaka mafuta na chumvi, nikavipanga wavu wa juu. Chini paja la mbuzi. Mkaa, na vipande vya mpera kwa moshi. Upepo wa Juni ulikuwa unapuliza kutoka mlimani na mshale ukawa unacheza kati ya 90 na 110.

Baada ya masaa mawili na nusu nikatoa kimoja. Ganda limekunjamana kama ngozi ya ngoma. Nikakikata, nje sentimita moja imeiva vizuri, katikati kinalia kachu kama karoti mbichi. Nikavirudisha saa nzima zaidi. Kiini kikalainika kiasi, lakini kililika kama kiazi kilichochemshwa jana na kupashwa leo, na nje kilikuwa kimekauka. Watoto wakala nyama na ugali wa haraka haraka.

Nilikuwa nimebeba sheria ya nyama na kuitwika kiazi. Nyama ngumu inataka moto mdogo na muda mrefu ili ile mishipa yake iyeyuke. Kiazi hakina mishipa. Wanga wake huanza kuvimba na kulainika kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini kinachoshikanisha seli zake ni pektini, na hiyo hailegei vizuri mpaka upite nyuzi 80. Baya zaidi, kiazi kikikawia kwenye nyuzi 55 hadi 65 hivi, kuna kimeng'enya ndani yake kinachoikaza ile pektini. Kwa hiyo moto wangu wa upole ulikuwa unavikomaza viazi badala ya kuviivisha. Ukikichelewesha hapo, hata ukikichemsha baadaye kinakuwa kibishi.

Jumamosi, 15 Juni: Jaribio la 2, foili na kipimajoto "kibovu"

Nikasema leo moto 120 na usishuke, na kila kiazi nikivishe karatasi ya foili kisikauke. Nikachoma sindano kwenye kimoja cha katikati. Maelekezo ya Wamarekani, ambao ndio wenye mapipa haya, yanasema kiazi cha kuoka kitolewe kikifika nyuzi 205 hadi 210 za Farenhaiti, yaani 96 hadi 99 za Selsiasi. Nikaweka akilini 98.

Saa kumi na mbili jioni sindano inasoma 91. Kumi na mbili na nusu, 93. Saa moja, 94. Saa moja na nusu, 94. Nikaongeza mkaa. Saa mbili, 94. Mke wangu akachungulia mlangoni, akaniangalia nimepiga magoti mbele ya pipa na tochi mdomoni, akarudi ndani bila kusema neno. Mgeni mmoja, shemeji yangu, alikuwa ameanza kula mkate. Saa tatu kasoro nikakata tamaa nikafungua. Viazi vilikuwa uji ndani ya foili. Paja lililokuwa linavisubiri likawa kama kuni.

Jumapili asubuhi nikakipima kipimajoto kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa nguvu. Kikasoma 94. Kumbe kibovu! Nikaenda Mwanjelwa nikanunua kingine, 25,000, cha bei juu kidogo ili nisirudie ujinga. Nikakichovya kwenye maji yaleyale. 94.

Jirani yangu ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Neema, hapa tuko mita 1,700 juu ya bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka nyuzi moja chini. Umenunua kipimajoto cha pili kupima mwinuko wa Mbeya." Dar maji yanachemka kwa 100, Kyela kule ziwani kwa 98 na ushee, hapa kwangu ni 94. Na kiazi ni maji karibu asilimia 80. Yakishafika 94 ndani ya kiazi yanageuka mvuke, na kiini hakiendi mbele ya hapo hata uwashe moto wa tanuru.

Kwa hiyo ile 98 ya Wamarekani nisingeiona mpaka Kiama. Kwa waliopo Mbeya, Njombe, Makete na kote kwenye mwinuko kama huu, toeni viazi kwenye 91 hadi 93, na zaidi ya namba tumieni kijiti cha mshikaki. Kikipita bila kusukumwa, kimeiva.

Foili nayo nimeifuta. Moshi haupiti kwenye foili. Nilikuwa nimechemsha viazi kwa mvuke wa maji yao wenyewe ndani ya pipa la 132,500, kazi ambayo sufuria inafanya kwa dakika 30.

Jumamosi, 22 Juni: Jaribio la 3, moshi mchungu

Viazi vimekatwa nusu mara hii ili moshi upate pa kushika, kwa sababu ganda haliupitishi. Moto 140. Vimeiva kwa saa moja na dakika 20, kijiti kikapita bila shida. Nikafurahi mapema. Vilikuwa vichungu, ulimi ukafa ganzi kama umelamba dawa ya kikohozi.

Makosa yalikuwa mawili siku hiyohiyo. Vipande vya mpera vilikuwa vimeisha, nikaongezea vya mlingoti, yaani mkaratusi, uliokatwa nyuma ya nyumba. Mlingoti una mafuta yake makali na moshi wake ni wa kujifukizia mafua. Pili, nilikuwa nimeviloweka vipande vyote usiku kucha kwenye ndoo, kwa kuwa niliona mahali watu wakiloweka. Mti uliolowa hautoi moshi mzuri, unatoa mvuke kwanza, unapooza mkaa, halafu unafuka moshi mweupe mzito. Moshi huo unatokana na mti usioungua sawasawa, umejaa lami, na lami ndiyo inayoganda kwenye chakula.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kyela siku ile. Amebanika mbasa maisha yake yote kule ziwani, na alilitazama pipa langu kutoka kwenye kigoda kwa muda mrefu bila kusema. Mwishowe:

"Baba Neema, huo moshi ni wa chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi naona ni wa kufukuza mbu."

Akainuka, akafungua matundu yote matatu ya chini, akatoa kipande kilichokuwa kinafuka kwa koleo, akakitupa nje. Akaniambia nisubiri. Ilichukua kama dakika kumi moshi ukawa mwembamba, wa rangi ya bluu, karibu hauonekani ukiutazama dhidi ya ukuta ila unausikia puani. "Samaki unamweka sasa. Siyo pale moto unapolia." Mimi nilikuwa naweka chakula mara tu moshi unapoonekana mwingi, nikidhani mwingi ndio mtamu.

Tangu siku hiyo mti ni mkavu, vipande vya ukubwa wa ngumi, viwili au vitatu tu kwa mara moja. Mpera ni mzuri. Matawi ya mbuni yaliyopogolewa, ambayo rafiki ananiletea kutoka Mbozi bure, ni mazuri zaidi kwangu, moshi wake mtamu na hauzidi. Mparachichi ni mpole mno, unahitaji vipande vingi. Mlingoti, msindano na kila mti wenye utomvu wa kunata, hapana.

Jumamosi, 29 Juni: Jaribio la 4, chungu

Hili ni la aibu, nalipitia upesi. Ili kutuliza joto la chini nilinunua chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe karibu na Matema, 6,000, nikakijaza maji na kukiweka kati ya mkaa na wavu. Wazo lenyewe ni zuri, joto likatulia kwenye 130 bila kucheza. Maji yalipopungua nikaongeza ya bomba, ya baridi, ya Juni. Chungu kikapasuka mara moja kwa mlio wa bunduki ya magobore na maji yote yakaingia kwenye mkaa. Majivu yakapanda juu yakatua kwenye viazi. Tulikula chipsi.

Sasa natumia sufuria kuukuu ya alumini, na maji ninayoongeza ni ya moto. Kwa viazi peke yake siweki maji kabisa, kwa sababu mvuke unazuia ganda lisikauke.

Jumamosi, 6 Julai: Jaribio la 5, chemsha kwanza

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Wazo limetoka kwa mke wangu, aliyesema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Si uvichemshe kwanza?"

Mimi nilikuwa naona kuchemsha ni kudanganya. Lakini ukifikiria, kuchemsha kunakivusha kiazi haraka kwenye lile eneo la nyuzi 55 hadi 65 kinapokomaa, na pipa linabaki na kazi mbili tu, moshi na gamba la nje. Kilo 3, vimemenywa, vimekatwa vipande vya ukubwa wa yai. Maji ya chumvi, kijiko kikubwa kwa kila lita mbili. Kwa sababu maji yetu yanachemka kwa 94, dakika kumi za vitabuni hazitoshi, nimeishia kwenye 14. Kingo zianze kulegea lakini kijiti kikwame katikati.

Mwaga maji, acha mvuke utoke dakika tano, halafu funika sufuria na uitikise kwa nguvu mara sita au saba. Usiogope. Kingo zinachubuka na kuwa na unga unga, na huo unga ndio utakaokuwa gamba la kukwaruza meno. Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa vinne, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili manga. Vinaingia kwenye wavu wa juu vikiwa bado na unyevunyevu kwa nje, kwa maana moshi hushika kwenye kitu chenye unyevu kuliko kilichokauka. Dakika 40 kwenye 120 na moshi mwembamba. Kisha fungua matundu yote, mshale upande mpaka 180, dakika 20 bila kuongeza mti.

Nilipofungua mfuniko vilikuwa rangi ya asali iliyokolea, kingo zimekuwa kahawia, na nilipokigonga kimoja kwa kucha kililia. Ndani unga mtupu. Neema, ambaye ana miaka saba na amekula makosa yangu yote ya mwezi mzima, alichukua cha pili bila kuulizwa. Mama mkwe alikula vitatu akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akauliza samaki wako wapi.

Kosa la siku: nilikuwa nimevimenya na kuvikata Ijumaa usiku ili Jumamosi iwe rahisi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, nikaviacha kwenye beseni vikiwa vimelowa nusu. Asubuhi vilivyokuwa chini viko vyeupe, vya juu vyeusi kama vimechovywa wino. Ni hewa inafanya hivyo, havina sumu, lakini nani atakula. Nusu sado ilitupwa. Kama huna maji ya kuvizamisha vyote, usikate mapema.

Jumamosi, 20 Julai: Jaribio la 6 na la 7 kwa pamoja

Aina ya kiazi. Mama anayeniuzia Soweto ana mafungu mawili, vyekundu na vyeupe, na kila mara nilikuwa nachukua fungu lililo karibu. Leo nimechukua sado ya kila moja na kuvipika sambamba. Vyekundu vya fungu lile vilikuwa vya unga, vilichubuka vizuri na kupata gamba, ila vitano viligeuka rojo kwenye sufuria kwa sababu nilivipa dakika zilezile 14. Vyeupe vilikuwa vya maji, vilibaki na umbo lakini nje vikawa laini kama vya kuchemsha. Rangi peke yake siiamini, kwa hiyo siku hizi namwuliza, "Mama, hivi ni vya unga au vya maji?" Hajawahi kunidanganya. Vya unga nachemsha dakika 11. Vyenye kijani kwenye ganda navirudisha, hicho kijani kinakuja na sumu ya solanini na kuvipika hakuiondoi.

Mahali pa kuviweka. Nilijaribu kuhamisha viazi chini ya nyama, kwenye trei, ili mafuta ya mbuzi yavidondokee. Kwenye kichwa changu ilikuwa akili kubwa. Mbuzi alikuwa beberu. Viazi vilinuka zizi, na hata mbwa wa jirani alivifikiria kwanza. Kwa ng'ombe au kitimoto pengine ingekuwa habari nyingine. Vimerudi wavu wa juu, na huko vitakaa.

Alhamisi, 8 Agosti: Nane Nane, watu 28

Siku ya mtihani. Mapaja mawili, viazi kilo 12, kachumbari ya mke wangu, pilipili ya kutwanga. Nilivichemsha kwa awamu tatu, nikavipaka mafuta, nikajaza wavu wa juu mpaka pembeni, viazi juu ya viazi. Mshale uliokuwa 120 ukaanguka mpaka 80 ndani ya dakika tano.

Kilo 12 za kitu chenye maji na kilichopoa ni mzigo mkubwa kwa moto mdogo. Zaidi ya hayo nilikuwa nimeziba njia ya hewa. Moshi ulikosa pa kupita katikati, ukaanza kurudi chini, ukawa mweupe. Niliusikia ule uchungu wa tarehe 22 ukija. Nikatoa nusu nzima kwa koleo huku nikiungua vidole, nikaacha upana wa kidole kati ya kipande na kipande, nikaongeza mkaa uliokwisha kushika moto kwenye jiko la pembeni. Mkaa mbichi usiweke, nao unafuka. Dakika 15 baadaye mshale ukarudi 120.

Awamu ya kwanza ilitoka saa saba, ya pili saa nane na robo. Watu walikula kwa zamu na hakuna aliyelalamika, ingawa shemeji wa mkate aliuliza kwa sauti kama kipimajoto leo kimefika 98. Wavu wangu unabeba kilo 5 kwa mara moja, siyo zaidi. Vilivyosubiri kwenye sinia lililofunikwa vilipoteza ukwaruzaji wake, kwa hiyo visifunikwe.

Hesabu ya siku: viazi 14,000, mafuta ya alizeti robo tatu lita 4,500, mkaa 9,000 pamoja na wa nyama, matawi ya mbuni bure. Kwa chipsi za watu hao tungetumia si chini ya lita tatu za mafuta.

Jumapili, 11 Agosti

Vilibaki kama kilo moja na nusu. Mke wangu amevikata vidogo, akavipasha kwenye kikaango kikavu, akavunjia mayai matano juu na kuvifunika. Chipsi mayai yenye harufu ya moshi wa mbuni. Ameniambia Jumamosi ijayo nipike viazi vya hii tu, nyama nisihangaike nayo.